Usukani Uliokataa Kwenda Kulia

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nimejaribu sana kuisahau nikashindwa. Tulikuwa ziwani, upande wa Salima. Rafiki yangu Mugisho alikuwa ameketi mbele ya usukani wa boti kuukuu, amevaa shati lake la kanisani, na mimi nilikuwa nimesimama majini nimeshika ubavu wa boti. Mdomoni nilikuwa na neno la kumwambia. Sikulisema. Niliisukuma boti ikaenda.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi nilipita pale karakana mnapochomelea milango, nikakuona umesimama nyuma ya fundi wako, mikono umeifunga mgongoni, unamwangalia akipima. Niliujua uso ule. Ulikuwa umeona kitu, na ukaamua kwamba kunyamaza ndiyo adabu. Usinibishie. Uso huo nimeuvaa mimi kabla baba yako hajaoa.

Wewe unanijua kama mzee Ramazani wa Kindu, yule wa mchele na mawese, mwenye magoti mabovu na maneno mengi. Labda unadhani nilizaliwa nyuma ya mizani. Sivyo. Baba yangu alikuwa na mitumbwi mikubwa ya kubeba bidhaa kwenye mto wetu, na nilianza kushika mkono wa injini ya nyuma nikiwa bado sina ndevu. Baba alikuwa mkali juu ya jambo moja. Injini ikitoka kwa fundi, hakubali imepona mpaka ameishusha majini na kuigeuza huku na huku kwa mkono wake, hata kama wateja wanapiga kelele ukingoni. Nilimwona mzee msumbufu. Sasa nimekuwa msumbufu kuliko yeye, na sina mtumbwi hata mmoja.

Vita vya Kongo vilinileta hapa Malawi, katika kambi hii ya Dzaleka, nikiwa kijana, na hapa ndipo nilipokutana na Mugisho, kwenye foleni ya bomba la maji. Alitoka Bukavu. Alisoma shule ya ufundi, akatengeneza boti za ziwa lao miaka mingi kabla ya kukimbia. Alikuwa Mkristo wa kuimba sauti ya chini katika kwaya, mimi Mwislamu, na hilo halikutusumbua hata siku moja. Idi alikula kwangu, na siku ya kumbatiza binti yake mimi ndiye niliyebeba mabenchi. Alinizidi umri na elimu, kwa hiyo nilimwita yaya, yaani kaka mkubwa, kama watu wa kwao wanavyosema. Tulikuwa watu wawili wa maji katika mahali ambapo maji ni ya ndoo. Tukikaa pamoja tulizungumza habari za mawimbi mpaka mke wake, Mama Furaha, anatufukuza tukatafute kuni.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza chochote chenye injini. Mashine za kusaga mahindi, pampu, jenereta za baa. Mugisho alitengeneza, mimi nilishika, nilisafisha na nilikimbia kununua vipuri. Jina lake lilifika mpaka Lilongwe, na siku moja mfanyabiashara mmoja wa Old Town, Mmalawi mwenye duka la jumla, alimwita. Sisi tulimwita bwana tu. Alikuwa na boti ya zamani ziwani, na injini yake ya nyuma ilikuwa na ugonjwa. Ukizungusha usukani kwenda kushoto, injini inageuka mpaka mwisho. Ukizungusha kwenda kulia, inafika nusu ya njia na kugoma. Mafundi wa kule ziwani walimchosha, basi akaifunga kwenye trela na kuileta mjini.

Sasa sikiliza alichoahidi, maana humo ndimo maumivu yangu yote yalimo. Alisema boti ikipona, Mugisho ataondoka nayo. Atakuwa nahodha na mlinzi wake ziwani, atakaa na mkewe na watoto katika nyumba ndogo ya matofali iliyo karibu na maji, na mambo ya vibali bwana atayashughulikia. Umezaliwa hapa, mwanangu, kwa hiyo sihitaji kukueleza maana ya mtu kuambiwa atatoka kambini kwenda kufanya kazi aliyoisomea.  Mugisho akaniuliza kama nami nitakuja kumtembelea, nikamwambia nitakuja kumlia samaki wote.

Boti iliwekwa Kauma, mtaa wa pembeni mwa Lilongwe, katika uwanja wa mama mmoja mjane, Mmalawi, aliyetukubalia tufanye kazi pale kwa wema wake tu. Alikuwa anafagia uwanja ule kila asubuhi mpaka unaogopa kuukanyaga. Tulifanya kazi kwa sauti ya chini, kama wageni.

Mugisho alianza vizuri sana. Usukani wa boti ile ulikuwa mbele, na kebo nene ilitoka kwenye usukani ikapita ubavuni mpaka nyuma, na mwisho wake kuna fimbo ya chuma inayosukuma na kuvuta injini. Kwanza alifungua kile chuma kinachounganisha fimbo na injini, ili ajue nani mgonjwa kati yao. Akaigeuza injini kwa mikono, ikaenda kulia na kushoto bila shida. Akaniambia nizungushe usukani peke yake. Ulikuwa mzito, na upande wa kulia ulikwama kabisa. Akatabasamu. Alinieleza kwamba kebo iliyokauka bado huweza kuvuta, ila haiwezi kusukuma, na kwenye boti hii kwenda kulia ni kusukuma. Tulipoichomoa, ile fimbo ilikuwa na kutu, na grisi ya zamani ilikuwa imekuwa ngumu kama nsima ya jana, ugali wa watu wa hapa.

Basi tulisugua bomba ambamo fimbo hupita, tukatia grisi mpya, nikaenda Old Town nikatafuta kebo nyingine ya urefu uleule. Tuliipitisha kwa kona pana isije ikajikunja, tukaunganisha kila kitu. Nikazungusha usukani. Injini ikaenda kushoto mpaka mwisho, ikaenda kulia mpaka mwisho. Mugisho alianza kuimba, na yule mama akatuletea chai.

Lakini injini ilikuwa imeinuliwa. Fikiria boti juu ya trela. Trela ile ilikuwa fupi, na mguu wa injini ni mrefu, ule wenye propela. Ukiushusha, unagonga ardhi. Kwa hiyo tangu boti ilipofika, injini ilikuwa imelazwa nyuma, mguu juu hewani, na majaribio yetu yote tuliyafanya hivyo. Nyuma ya boti, upande wa kulia karibu na injini, bwana alikuwa amefungisha kwa bolti ngazi fupi ya chuma ili mama yake mzazi aweze kupanda akitoka kuoga ziwani. Sisi tulitundika mashati yetu juu ya ngazi ile.

Nisikudanganye kwamba nilijua. Sikujua kasoro iko wapi, na ngazi sikuitilia maanani hata kidogo. Nilichokuwa nacho ni ule usumbufu wa baba yangu tu, kwamba injini haijapona mpaka uione ikigeuka mguu ukiwa chini. Nilimwambia kwa upole, nikiwa nimeinama nakusanya spana.

"Yaya, mi naona tushushe motere kwanza, tuone. Tunaweza kuchimba shimo kidogo hapa chini yake."

Alicheka kwa moyo mweupe. "Rama, tuchimbe shimo mu parsele ya bantu? Bajirani batasema tuko nazika mutu."

Nami nikacheka. Alikuwa na haki, mwanangu. Wakimbizi wawili wanachimba shimo refu nyuma ya nyumba ya mjane, Kauma nzima ingekuja kuangalia. Aibu ya kuuharibu uwanja ule uliofagiwa ilinishika na mimi. Tena yeye ndiye mkubwa, ndiye mwenye cheti, na kazi ilionekana imekwisha. Nilijiambia kwamba nimeshasema, lililobaki ni lake. Angalia vizuri maneno hayo, kwa sababu yanapendeza masikioni. Yalinipa raha, na kwa raha hiyo nikanywa chai yangu.

Habari zilienea kambini upesi. Mama Furaha aliwaaga wanawake wenzake kanisani, akagawa masufuria aliyoona ni mazito kusafiri nayo. Binti yao alitangaza shuleni kwamba atajifunza kuogelea. Siku ya kwenda ziwani tulipanda nyuma ya gari la bwana, boti ikitufuata kwenye trela, na Mugisho alikuwa amevaa shati lake jeupe kwa sababu alitaka kuanza kazi akiwa mtu safi.

Bwana alikuwa amealika wageni. Walikaa kwenye viti vya plastiki mchangani, wamependeza, wanasubiri. Tuliteremsha boti majini, nikashusha injini, mguu ukazama. Mugisho akapanda. Hapo ndipo lile neno liliponijia mdomoni, yaani azungushe kwanza usukani mpaka mwisho, huku na huku, kabla sijaiachia boti. Ingechukua muda wa kukohoa tu. Lakini bwana alikuwa anapiga makofi akihimiza, wageni wanatazama, na mimi niliona vibaya kumwambia yaya wangu mbele ya watu wale afanye jambo ambalo alikuwa amelicheka kule Kauma. Watu wangesema, kumbe fundi anaelekezwa na msaidizi wake. Nilimtunzia heshima, na kwa heshima hiyo nikaisukuma boti.

Alienda vizuri, moja kwa moja, halafu akakata kushoto kwa mduara mpana, na wageni wakashangilia. Akarudi akifuata ufuko, nchi kavu ikiwa kushoto kwake. Mbele yake kulikuwa na mtumbwi wa wavuvi wawili, wameutia nanga, wanakunja nyavu. Kilichotakiwa ni kukata kulia, kuelekea ziwani. Nilimwona akizungusha usukani. Boti iligeuka kidogo tu, halafu ikaendelea kuwafuata wale watu. Alivuta tena, nikaona mabega yake yakikaza. Akapunguza moto, akazima, lakini boti ikiwa na mwendo haisimami kwa kuombwa. Wavuvi waliruka majini. Mtumbwi ulipasuka ubavu mzima.

Hakuna aliyeumia, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Nilikimbia majini na kuivuta boti mpaka pasipo na kina, nikapapasa chini. Mguu wa injini ulikuwa umeegemea ile ngazi ya chuma. Ulipokuwa juu hewani kule uwanjani, ulipita juu ya ngazi bila kuigusa. Ukiwa chini, unafika nusu ya njia na kuigonga. Kwenye ngazi kulikuwa na michubuko ya zamani, tena mingi. Kebo kweli ilikuwa mbovu, Mugisho hakukosea. Yalikuwa magonjwa mawili, na ule wa kwanza ulipopatikana tulidhani tumemaliza. Ngazi ile ilihitaji kufunguliwa na kusogezwa kando, kazi ya muda wa kupika nsima.

Mugisho alijaribu kumwonyesha bwana. Bwana alikuwa anazungumza na wale wavuvi, akiwatuliza, uso umemwiva kwa aibu mbele ya wageni wake. Hakutukana. Alisema tu zikomo, yaani asante, na kwamba dereva wake atatupeleka hadi barabara ya kambini. Zikomo ile ilifunga nyumba ya matofali, vibali na kila kitu.

Tulirudi nyuma ya gari, tumekaa juu ya gurudumu la akiba. Shati lake lilikuwa limelowa na kuchafuka kutu. Tulipokaribia kufika, akanigeukia.

"Rama, ulikuwa unajua?"

"Sikujua, yaya. Nilikuwa na wasiwasi tu. Si nilikuambia?"

"Uliniambia mara moja. Nikacheka, na we ukacheka. Mi nikasema, basi, huyu hana wasiwasi tena. Kule ku maji, ndo pale nilikuwa na haja na we, ukanisukuma niende."

Hakuyasema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejitetea, na ulimi ninao. Aliyasema kama mtu anayeeleza injini ilivyokwama, akageuza uso akaangalia mashamba ya mahindi. Nililia pale pale, na dereva alinitazama kwenye kioo chake.

Baada ya majuma kadhaa nikajipa moyo. Nilienda Old Town mpaka dukani kwa bwana, nikasimama kati ya magunia, na alipopata nafasi nikamweleza habari ya ngazi kwa adabu zote nilizofundishwa kwetu. Nilimwambia kosa halikuwa la Mugisho peke yake, na kwamba boti sasa inaweza kupona kabisa. Alinisikiliza, akasema atafikiria. Nikarudi kambini nimeridhika. Nilimwambia Mugisho nimeshasema. Aliniangalia, akatikisa kichwa, akaendelea kufunga mkanda wa mashine ya kusaga.

Miaka ikapita. Mugisho hakushika tena usukani wa boti yoyote. Alitengeneza mashine za unga mpaka kifua kikamshinda, na tulimzika hapa hapa, mbali na maji ya kila aina. Mpaka mwisho alikula kwangu kila Idi na hakunikumbusha jambo lile hata mara moja. Nakuambia kweli, ingekuwa nafuu kama angenikumbusha.

Baada ya msiba wake ndipo nilipoanza biashara hii ya mchele, na kwa kutafuta bei nikajikuta tena katika duka lile la Old Town. Bwana alikuwa amezeeka. Alinitambua, akaagiza niletewe kiti, akauliza hali ya yule fundi. Nilipomwambia amefariki, akaniambia kwamba siku ile nilipokuja alikaribia kuniamini. Alikuwa ameipenda kazi ya Mugisho. Lakini alijua mimi ni rafiki yake, akadhani nimekuja kumtetea tu. Akasema yeye ni mtu wa biashara, na mwenye dai la kweli humwona amerudi kesho, na kesho kutwa, mpaka anachosha. Alisubiri nirudi. Wakati anasubiri, aliiacha ile nyumba ya ziwani tupu muda mrefu, ndipo akaajiri mtu mwingine.

"Mbona hukurudi?" akaniuliza.

 Mara mbili maishani nilikuwa na neno la kumwokoa rafiki yangu, na mara zote mbili nililisema mara moja, vizuri, kwa sauti ya chini, halafu nikaenda zangu nikijiona mtu mwenye adabu.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Ukiona jambo katika kazi ya mkubwa wako, mwambie. Akicheka, cheka naye kama kunachekesha, halafu mwambie tena. Mvute pembeni, mwombe akuelimishe, mwambie moyo wako haujatulia na angalau akupe nafasi ya kuangalia. Ikiwa kuna mtu anaweza kuumia au kupoteza riziki yake, sema hata mbele ya wageni, na aibu itakayowapata nyote wawili mtaimaliza jioni mkila. Kusema mara moja ni kujisafisha wewe. Kusema tena ndiyo kumtunza yeye. Na kazi yoyote usiikubali mpaka umeijaribu jinsi itakavyotumika. Mlango ufungue na kuufunga ukiwa kwenye fremu yake, usiupime ukiwa umelala chini. Ukipata kosa moja la kweli, furahi, kisha tafuta kama kuna la pili.

Kesho nenda kwa fundi wako, kabla hajaupeleka mlango ule kwa mwenyewe. Sijui ulichokiona, na huenda umekosea. Mwambie hivyo hivyo.

Mungu akupe wakubwa wa kuwaheshimu, na awape maisha marefu wakuone ukizeeka. Akupe mikono isiyoharibu. Na siku watakapokucheka, akupe moyo wa kurudi kwao wakiwa bado hai. Amina, mwanangu.